Suti ya Papa na Benchi la Kinyozi

Mke wa soja wa langoni atajuaje kwamba mumewe si karani? Kinyozi mmoja wa Umoja, hapa Eastlands, ana jibu lake: atazame suruali. Suruali ya mtu wa ofisini hung'aa makalioni kwa kusuguana na kiti mchana kutwa. Ya soja haing'ai, maana soja husimama. Kinachomwumbua soja ni viatu: soli imelika, ngozi imepauka kwa jua, na vumbi la langoni limeingia kwenye mishono hata brashi hailifikii. Halafu kuna shingo. Jua la saa sita huichoma ikaacha mstari pale kola inapoishia, na mstari huo yeye huuona kila anapoishika mashine ya kunyolea.

Mhadhara huo ulinikuta nikiwa kitini, upande mmoja wa kichwa umekwishanyolewa na mwingine bado. Benchi la nyuma lilikuwa limeanza na bei ya mafuta. Likahamia kwa Harambee Stars walioifunga Morocco 1-0 Kasarani Agosti 2025, wakaimaliza mechi wakiwa wachezaji 10. Likabishana kama Wakadinali, vijana waliotokea huku huku Eastlands, bado wanaimba ya mtaani au wameshahamia kwa wenye pesa. Kisha mtu akaitaja suti ya Papa Shirandula, hayo mengine yote yakawekwa kando, na kinyozi akaanza mhadhara wake.

Kipindi cha Papa Shirandula hakihitaji maelezo marefu. Kilianza kwenye runinga ya Citizen mwaka 2007. Charles Bukeko alikuwa Papa, mlinzi anayemwaminisha mkewe Wilbroda, yaani Jacquey Nyaminde, kwamba ameajiriwa ofisini. Nyumbani anatoka na suti, kazini yuko na sare. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, katika miezi ile migumu ya Korona. Kilichonikereketa ni kwamba miaka yote hii baadaye, watu wazima wanaweza kuiacha siasa na mpira wakaanza kuijadili suti ya mtu wa kwenye runinga kana kwamba imeanikwa kwenye kamba ya ploti yao.

Kwa kinyozi hakuna ajabu. Anashikilia kwamba Papa hakuwa kichekesho; alikuwa taarifa ya habari, ila ilisomwa na mtu mwenye tumbo kubwa na sauti ya kuchekesha. Anasema anao wateja wanaomwachia begi asubuhi. Mmoja hufanya kazi ya mjengo. Jioni hupitia hapo, hunawa saruji mikononi, hubadilisha shati, kisha ndipo anapopanda ngazi kwenda kwa watoto wake. Kinyozi hamwulizi kitu. Kunyamaza, anasema, ni sehemu ya huduma, na haitozwi.

Hata habari nzito hupimwa hapa kwa suti hiyo. Mapema mwaka 2024, mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi za kibinafsi ilipoagiza walinzi wa Nairobi walipwe angalau shilingi 30,000 kwa mwezi, waajiri walipinga na suala likafika mahakamani. Kwenye benchi hili, kwa maelezo ya kinyozi, hakuna aliyejisumbua na vifungu vya sheria. Walichobishania ni kama Papa, akilipwa 30,000, angeenda nyumbani na sare yake. Wengine walisema angeivaa hata kanisani. Kinyozi alikataa, na bado anakataa. Kwa maoni yake, mshahara ni nusu tu ya aibu. Nusu ya pili ni yule mwenye gari anayepiga honi langoni bila salamu, ilhali anamwona mtu mzima, baba wa watu, amesimama mbele yake.

Hapo mama mmoja aliyeleta mwanawe kunyolewa aliingilia kati. Alidai Wilbroda alijua tangu siku ya kwanza. Anayefua nguo ndiye anayeijua kazi ya mwenye nguo, alisema. Kama mume amechagua suti, mke humpigia pasi suti hiyo na kumwachia heshima yake. Wanaume wakapiga kelele. Kinyozi, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ametufundisha habari za suruali na shingo, akabaki ameshika mashine hewani. Ushahidi wake wote ulikuwa upande wa mama huyo, naye alikuwa hajawahi kuupeleka huko.

Je, nani alikuwa anadanganywa pale sebuleni kwa Papa? Na yule wa mjengo, mkewe anajua? Kinyozi hataki kuulizwa hilo. Nilipomrudia nalo, alinijibu kwamba begi la mteja ni la mteja.

Wazazi wetu walikuwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, na sisi tukawa na Papa. Waandishi wa vipindi wanaotafuta hadithi mpya wasiende mbali. Watuandikie soja anayetoka nyumbani asubuhi na sare yake, mkewe akiwa amempigia pasi, watoto wakimwona. Na wakati tunaingoja, wewe unayepita langoni kesho asubuhi, shusha kioo umsalimie aliyesimama pale.