Je, Wajua Kompyuta Isiyo na Intaneti Hupataje Programu Mpya?

Kusakinisha programu ni kazi ambayo kwa asili yake haihitaji intaneti. Kompyuta inaposakinishiwa programu hunakili mafaili yake na kuyapanga katika folda zinazostahili, huandika katika kumbukumbu za mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoitawala mashine nzima, kwamba programu hiyo ipo na inakaa wapi, kisha humwekea mtumiaji alama ya kubofya ili aifungue. Hayo yote hufanyika ndani ya mashine yenyewe. Intaneti huhusika kabla ya hapo, ikiwa ni njia ya kuyafikisha mafaili mlangoni, na njia hiyo si ya pekee. Jijini Nairobi, kati ya maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue na vyumba vya kompyuta vya Kangemi, Kawangware na Dagoretti, njia nyingine ni flashi iliyo mfukoni mwa fundi. Anayeifuata njia hiyo hulazimika kuzibeba mwenyewe kazi mbili ambazo intaneti huzitekeleza bila mtumiaji kuziona: kuhakikisha kwamba mzigo umetimia, na kuhakikisha kwamba mzigo ni halali.

Enzi ya setilaiti

Hadi katikati ya mwaka 2009, Kenya haikuwa imeunganishwa na dunia kwa waya wowote wa baharini wa nyuzi za mwanga, hivyo data ilipanda na kushuka kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kusuasua. Hata barua pepe iliyotumwa na mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya mji huohuo iliweza kuzunguka hadi Marekani au Ulaya kabla ya kurudi. Ili kuondoa mzunguko huo, watoa huduma walianzisha mwaka 2000 kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP, ambacho kilifungwa Desemba mwaka huohuo kwa amri ya tume ya mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia haki yake ya kipekee, kikaja kufunguliwa tena Februari 2002.

Katika mazingira hayo, kupakua mfumo endeshi mzima kulikuwa ndoto. Sidii moja hubeba takriban megabaiti 700, na modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ingefanya kazi kwa ukamilifu bila laini kukatika, ingehitaji saa zipatazo 28 kuzimaliza. Ndiyo maana mpango wa ShipIt, ambao kati ya 2005 na 2011 ulituma kwa posta na bila malipo sidii za mfumo endeshi wa Ubuntu popote zilipoombwa duniani, ulikuwa na maana kubwa zaidi Afrika kuliko kule ambako waya wa kasi ulikuwa tayari umefika nyumbani. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, hali ilibadilika. Lakini ilibadilika kwa viwango tofauti, kwa kuwa ofisi za Westlands na Kilimani ziliunganishwa moja kwa moja na nyuzi za mwanga, ilhali shule ndogo na saiba nyingi za mitaa ya kipato cha chini ziliendelea kuhesabu kila gigabaiti ya bando.

Hesabu ndogo yaonyesha kwa nini flashi haijastaafu. Flashi ya gigabaiti 64 iliyojaa, ikipanda matatu katikati ya jiji na kufika Kawangware kwa saa moja kupitia Hurlingham na Yaya, huwa imesafirisha data kwa wastani wa megabiti 142 kwa sekunde, kasi ambayo familia nyingi za Nairobi hazijawahi kuilipia. Hesabu hiyo, hata hivyo, inaacha nje muda wa kunakili, kwa maana flashi ya bei nafuu inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na dakika 47 kujaa, kabla hata ya matatu kuondoka stejini.

Visakinishi vya aina mbili

Kisakinishi ni programu inayoziweka programu nyingine mahali pake, nacho hupatikana kwa sura mbili zinazofanana kwa macho. Kisakinishi kidogo, ambacho mara nyingi hakizidi megabaiti chache, hakina programu ndani yake. Kazi yake ni kwenda kwenye seva ya mtengenezaji na kuvuta vipande vinavyofaa mashine husika. Kisakinishi kamili huwa na vipande vyote, na kwa hiyo huwa kizito mara kumi au mara mia zaidi. Watengenezaji hupenda kile kidogo kwa sababu humpa mteja toleo jipya kila mara, na kwa sababu hiyo ndicho kinachotangulizwa kwenye kurasa zao, huku kile kamili kikiwekwa kando. Mtu aliyenakili faili la megabaiti mbili mjini akidhani ameondoka na programu nzima hugundua akiwa Dagoretti kwamba ameondoka na maagizo matupu, ndiyo maana fundi mzoefu huangalia ukubwa wa faili kabla ya kuangalia jina lake.

Hata kisakinishi kamili chaweza kukwama kwa sababu ya tegemezi, yaani programu nyingine ambayo sharti iwepo kwanza ili hii ifanye kazi. Mfano unaofahamika na mafundi wengi ni wa programu za zamani za hesabu na za maktaba zinazodai .NET Framework 3.5, ambayo ni mkusanyo wa vipande vya msingi vilivyotengenezwa na Microsoft ili vitumiwe na programu nyingi kwa pamoja. Windows 10 inapoombwa vipande hivyo hujaribu kuvipakua, na pasipo intaneti hutoa ujumbe wa hitilafu. Ilhali vipande hivyo vimo ndani ya flashi au DVD ileile ya kusakinishia Windows, katika folda iitwayo sxs iliyo ndani ya folda ya sources, na amri ya DISM ikielekezwa huko na kukatazwa isiende mtandaoni, kazi hukamilika kwa dakika chache. Kilichokosekana hapo kilikuwa maarifa ya mahali kilipo kitu, wala si kitu chenyewe.

Katika mfumo wa Debian na jamaa zake, Ubuntu ikiwemo, tatizo la tegemezi ni pana zaidi, kwa kuwa hazina yake ina pakiti za programu zaidi ya 60,000 na pakiti moja yaweza kutaka nyingine tano, ambazo nazo zina za kwao. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye vioo vya Debian, yaani seva zinazotunza nakala kamili ya hazina hiyo karibu na watumiaji, jambo linalomfaa aliye mtandaoni. Kwa asiye mtandaoni ipo programu ndogo iitwayo apt-offline, inayoigawa safari katika hatua tatu. Kwanza, kompyuta isiyo na intaneti hukagua ilicho nacho na kuandika katika faili dogo orodha ya kila inachokosa. Pili, faili hilo hupelekwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta yenye intaneti, ambayo hupakua vilivyoorodheshwa na kuvifunga pamoja. Tatu, furushi hilo hurudishwa na kusakinishwa. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba orodha ya mahitaji huandikwa na mashine yenye mahitaji, ambayo ndiyo pekee inayojua kwa hakika inachopungukiwa, badala ya kuachiwa kumbukumbu ya binadamu.

Flashi yenyewe

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa Japani na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, nazo flashi za kuchomeka kwenye tundu la USB zilianza kuuzwa mwaka 2000, zikiwa na uwezo wa megabaiti 8 tu. Nyingi huuzwa hadi leo zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, ambao huhifadhi ukubwa wa kila faili kwa tarakimu 32 za jozi, na kwa hiyo hauwezi kupokea faili lolote linalofikia gigabaiti 4. Ndiyo sababu flashi ya gigabaiti 64 iliyo tupu kabisa hulikataa faili la Windows la gigabaiti 5 na kudai kwamba ni kubwa mno. Dawa yake ni kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwa maana kupanga upya hufuta kila kitu.

Hatari nyingine ni flashi za kughushi, ambazo kidhibiti chake kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba kuna gigabaiti 64 wakati chipu ina 8. Flashi kama hiyo hupokea mafaili yote bila kulalamika na kuonyesha majina yake yote, lakini yaliyozidi uwezo wake huharibika, na mnunuzi hugundua siku anayoyahitaji. Kipimo cha uhakika ni kuijaza data kisha kuisoma yote, kazi inayofanywa na programu za bure kama H2testw.

Nani amdhamini mgeni?

Kompyuta iliyo mtandaoni huthibitisha asili ya programu kwa kuwasiliana na seva inayotambulika. Flashi haina mdhamini wa namna hiyo, na historia yake inatisha: kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilipenya kwa flashi katika mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuwa imeunganishwa na intaneti, na Windows za zamani ziliweza kuanzisha programu za flashi zenyewe mara tu ilipochomekwa, hadi Microsoft iliposambaza mwaka 2011 sasisho la kuizima tabia hiyo.

Kinga ya kwanza ni alama ya SHA-256, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili zima, na ambao hubadilika kabisa hata ikigeuka biti moja. Mtengenezaji huichapisha alama hiyo. Fundi huinakili mjini, kisha huikokotoa tena kwenye kompyuta ya mwisho, ambapo Windows ina amri ya certutil kwa kazi hiyo, na kuzilinganisha. Kinga iliyo imara zaidi ni sahihi ya kidijitali, ambayo huthibitisha pamoja na uzima wa faili kwamba limetoka kwa mwenye ufunguo wa siri wa kutia sahihi. Pakiti za Debian hulindwa kwa njia hii, hivyo uhalali wake haupotei hata zikipita mikononi mwa watu wengi.

Sanduku la Ngong Road

Wazo hilo la flashi, la kuutenganisha wakati wa kupata data na wakati wa kuitumia, lilipata sura ya bidhaa ya kiwandani jijini Nairobi. Waanzilishi wa Ushahidi, mradi uliozaliwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walibuni kifaa cha mtandao kiitwacho BRCK, wakachangisha fedha zake kwa umma mwaka 2013 wakiwa katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ilizindua Kio Kit, sanduku gumu lenye tabuleti 40 na seva ndogo ndani yake. Masomo huwekwa kwenye seva, tabuleti huyasoma kupitia Wi-Fi ya sanduku lenyewe darasani bila intaneti yoyote, na kifaa hupokea maudhui mapya kinapopata muunganisho.

Hata hivyo, sanduku na flashi hushiriki udhaifu mmoja. Programu iliyosakinishwa nje ya mtandao hubaki kama ilivyokuwa siku ilipopakuliwa, pamoja na nyufa zake za kiusalama, na antivirusi isiyosasishwa haiwezi kuvitambua virusi vilivyotengenezwa baada yake. Mafaili ya utambuzi wa virusi yanaweza kunakiliwa kwa flashi sawa na programu nyingine, mradi pawe na mtu aliyepewa jukumu hilo na ratiba anayoifuata. Shule au ofisi inayonunua kompyuta bila kuipangia intaneti inapaswa basi kuweka katika bajeti yake, kando ya bei ya mashine, mshahara au posho ya mtu huyo, kwa sababu yeye ndiye mtandao wake.