Mtendaji Yuko Wapi? Jicho la Mhakiki katika Barua, Muhtasari na Tasnifu

UTANGULIZI

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kumhoji kila msimulizi. Tukikabidhiwa riwaya tunauliza: nani anasema, anamwambia nani, anaficha nini, na kwa nini kaanzia hapa badala ya pale? Lakini tukikabidhiwa barua ya kikazi au muhtasari wa kikao, maswali hayo yote tunayaacha mlangoni. Eti hayo ni maandishi ya ofisini, hayana fani wala maudhui ya kuhakikiwa. Matokeo yake ni kwamba mhitimu anayeweza kujadili matumizi ya taharuki kwa kurasa 10 hushindwa kuandika aya moja ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ikaeleweka.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba zana tulizo nazo tayari zinatosha kuyaboresha maandishi hayo. Sitazungumzia tahajia wala nafasi ya mkato. Vitabu vya mambo hayo vipo. Nitashika swali moja tu: mtendaji yuko wapi? Msomaji wa Tanzania anajua kwamba neno hili lina maana mbili. Darasani, mtendaji ni yule anayetenda jambo linalotajwa na kitenzi. Kijijini, Mtendaji ni ofisa wa serikali ya kijiji, ambaye mara nyingi ndiye katibu wa vikao vyake. Makala haya yanawahusu wote wawili.

MAANDISHI YA KIKAZI NI TANZU

Kwanza tuondoe dhana kwamba kuna ukuta kati ya fasihi na ofisi. Mikhail Bakhtin, katika insha yake kuhusu tanzu za usemi aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliziweka riwaya, barua, hati za kiofisi na hata amri fupi ya kijeshi katika mjadala mmoja. Hoja yake ni kwamba tanzu kubwa kama riwaya huzimeza tanzu ndogo za maisha ya kila siku. Mwaka 1984 Carolyn Miller, mtaalamu wa balagha wa Marekani, alikwenda mbele zaidi: utanzu ni tendo la kijamii, jibu ambalo jamii imelizoea kwa hali inayojirudia. Kwa mtazamo huo, swali la kwanza kuhusu muhtasari wa kikao ni hili: unafanya nini katika jamii, na je, umeifanya kazi hiyo?

Kwetu mfano uko karibu. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akatumikia ofisi za serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilichapishwa na TUKI mwaka 2002, na leo tunazisoma kama sehemu ya urithi wa fasihi yetu. Mkono ulioandika tenzi ndio uliojaza majalada. Basi kwa nini sisi tuwe na macho mawili, moja la riwaya na jingine, tena lililofumbwa, la majalada?

KAULI YA KUTENDWA NA KAULI YA KUTENDEKA

Kabla ya kuingia katika tanzu zenyewe, turudi kidogo kwenye sarufi. Wako wanaosema kwamba ubaya wa lugha ya ofisi ni kauli ya kutendwa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Tukisema "Shamba liligawiwa na Halmashauri ya Kijiji", kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, lakini mtendaji yupo, kaletwa na "na". Mlango uko wazi. Mwandishi ndiye anayeamua kumwingiza mtu au kumwacha nje.

Kauli ya kutendeka ni jambo jingine. Tunasema "Kikombe kimevunjika", lakini hatusemi "Kikombe kimevunjika na Juma". Kwa kawaida kauli hii haimpokei mtendaji. Inasimulia hali kana kwamba imejileta yenyewe. Sasa tazama vitenzi vinavyopendwa mno katika maandishi yetu ya kikazi: imebainika, imeonekana, ilikubalika, fedha zilitumika, makosa yalifanyika. Vyote ni vya ukoo huo. Ukiandika "Fedha zilitumiwa", msomaji ana haki ya kuuliza "Na nani?" Ukiandika "Fedha zilitumika", hata hilo swali umeshalikata ulimi. Ndiyo maana kauli hii hupendwa na mwenye jambo la kuficha, na vilevile na yule ambaye hana la kuficha bali hajafikiri vya kutosha. Katika karatasi, watu hawa wawili hawatofautiki.

BARUA YA KIKAZI

Barua ya kikazi ina kaida nyingi, na si zote mbaya. Kumbukumbu namba humwezesha karani kulipata jalada. "YAH" humwambia msomaji, kabla hajasoma sentensi hata moja, kama jambo hili ni lake. "Nakala" humjulisha ni nani wengine wanaojua. Kaida hizi zina kazi, tuziheshimu.

Lakini ni nini kazi ya "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu"? Hebu tuihakiki kama tunavyohakiki mstari wa shairi. Kitenzi ni cha kuamrisha: mwombaji anamwamuru mkurugenzi "ahusike". Kichwa chenyewe kipo sentimita mbili juu yake, naye keshakisoma. Halafu hufuata: "Kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha kwako ombi langu la kuhitaji kupatiwa nafasi ya kufanya mafunzo." Kuomba, kuwasilisha, ombi, kuhitaji, kupatiwa: maneno matano ya kubeba jambo moja, na mwombaji mwenyewe bado hajajitokeza.

Linganisha na hii: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika idara yako ya uhariri kwa wiki 8, kuanzia Julai 15. Nina uzoefu wa kusahihisha prufu za Kiswahili na nimeambatisha kurasa 3 za kazi yangu." Hapa yupo anayeomba, yupo anayeombwa, na mkurugenzi anajua aamue nini. Heshima haikupungua. Mwito wa "Ndugu" au "Mheshimiwa" ubaki, "Wako mtiifu" ibaki kama ofisi inaitaka. Kumwonyesha mtu heshima ni pamoja na kutomlazimisha asome mistari minne kabla hajajua unataka nini.

MUHTASARI WA KIKAO

Huu ndio utanzu ambao uzembe wake una gharama kubwa kuliko yote. Sura yake tunaijua: mahudhurio, kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda, mengineyo, kufunga. Katika sura hii fahari yote iko kwenye neno "yatokanayo". Ni mahali ambapo kikao cha leo kinakihoji kikao cha jana: tuliagana nini, na nani kafanya?

Likizo moja nilijitolea kupanga majalada katika ofisi moja ya kata. Katika jalada mojawapo nilikuta vikao vinne mfululizo vyenye sentensi ile ile chini ya yatokanayo: suala la kisima bado linashughulikiwa. Nikarudi nyuma kutafuta uamuzi wenyewe. Ulikuwa hivi: "Ilijadiliwa na kukubalika kwamba suala la kisima lishughulikiwe mapema iwezekanavyo." Vihesabu vitenzi vyake: vinne. Katika vyote hivyo hakuna binadamu hata mmoja. Kiambishi "i-" kinachoanza sentensi hakimrejelei mtu yeyote. "Lishughulikiwe" haisemi na nani. "Iwezekanavyo" haina tarehe. Jamani, kikao kijacho kingemuuliza nani? Na hapo ndipo maana mbili za neno letu zinapokutana: Mtendaji kaandika sentensi ambayo ndani yake mtendaji hayumo.

Ingeliandikwa: "Kikao kiliamua kwamba Mwenyekiti wa Kamati ya Maji amwite fundi wa pampu kabla ya Machi 15 na alete makisio ya gharama katika kikao kijacho." Kazi ya kutengeneza kisima haiwi nyepesi kwa sababu ya sentensi hii. Lakini sasa yuko mtu wa kuulizwa, na siku ya kumuuliza inajulikana.

Jambo hili huzidi uzito linapogusa ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ushahidi wa idhini hiyo uko wapi? Katika muhtasari. Tubuni mfano: "Wananchi waliridhia eneo la bondeni litolewe kwa ajili ya mradi." Wananchi wangapi, na orodha ya mahudhurio iko wapi? Eneo la ekari ngapi, linapakana na nini? Litolewe na nani, kwa nani, kwa muda gani? Walikuwepo waliopinga? Miaka 15 baadaye, mgogoro utakapofika barazani, waliokuwepo wengine watakuwa wamefariki na wengine wamesahau. Karatasi itakuwepo, ila haiwezi kuulizwa swali la nyongeza. Majibu yote yanatakiwa yawe yamo ndani yake tangu siku ilipotiwa saini.

INSHA NA TASNIFU

Tusidhani kwamba ugonjwa huu uko ofisini tu. Uko hapa hapa chuoni. Chukua sentensi ambayo kila mmoja wetu ameisoma: "Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe." Amechorwa na nani? Anayemwona hivyo ni mhusika fulani, ni msimulizi, ni mwandishi, au ni jamii ambayo mwandishi anaikosoa? Haya ni majibu manne tofauti, na kila moja linazaa uhakiki wa aina yake. Sentensi isiyo na mtendaji inatuwezesha kupita bila kuchagua.

Au tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Mhakiki akiandika "Rosa aliharibika", keshatoa hukumu kwa kauli ya kutendeka: Rosa kaharibika kama kikombe kilivyovunjika. Wapi ukali wa Zakaria, baba yake? Wapi wanaume waliomtumia? Mhakiki akilazimika kuandika nani alimharibu, atalazimika pia kuisoma upya riwaya. Hapo ndipo naona kwamba swali letu ni la fikra kabla halijawa la mtindo.

Katika tasnifu kuna "imebainika kwamba" na "tafiti nyingi zinaonyesha". Zipi? Za nani? John Swales, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu uchanganuzi wa tanzu, alionyesha kwamba utangulizi wa makala ya kitaaluma huwa na hatua tatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo, kisha kulijaza. Wengi wetu huifanya hatua ya pili kwa sentensi moja: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu mada hii." Pengo la kweli lina watu ndani yake: fulani alichunguza hiki, fulani akasema kile, hawakukubaliana hapa, nami naingia hapo. Na neno "nami" lisituogopeshe. "Nilikusanya data kwa kuwahoji wazee 12" haipunguzi usayansi wa kazi. Inamwambia msahihishaji nani wa kuulizwa.

JE, MTENDAJI ATAJWE DAIMA?

La. "Mtihani utafanyika saa 3 asubuhi" ni tangazo zuri. Msomaji anahitaji saa na ukumbi, si jina la msimamizi. "Alizaliwa Tanga" haidai jina la mkunga. Zipo pia nyakati ambazo kutaja jina ni kumhatarisha mtu au kumvunjia heshima bila sababu. Ninachodai ni kwamba kumwacha mtendaji nje kuwe uamuzi, kusiwe mazoea.

Njia ninayoitumia ni rahisi. Nikimaliza rasimu, napigia mstari kila kitenzi na kuuliza "nani?" Pasipo na jibu, najiuliza swali la pili: simjui, hana umuhimu, au naogopa? Kama simjui, narudi kutafiti. Kama hana umuhimu, namwacha. Kama naogopa, angalau nafahamu kwamba naandika kwa woga. Siku hizi wapo wanaomwachia kompyuta iwaandikie barua na ripoti kwa akili bandia, na sentensi hutoka laini ajabu. Sawa, ila kompyuta haikuwepo kikaoni. Haijui ni nani aliyekubali kumwita fundi.

HITIMISHO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba hukumu, mikataba na taarifa zinazogusa maisha ya watu zitazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na waandishi wake watatoka katika madarasa kama haya yetu. Tukiwapelekea "imebainika" na "lishughulikiwe", tutakuwa tumehamisha ukungu kutoka lugha moja hadi nyingine.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wetu watuwekee katika mtihani wa uhakiki, kando ya dondoo la riwaya, muhtasari mmoja wa kikao, nasi tuuhakiki kwa uzito ule ule. Pili, kila chama cha wanafunzi hapa chuoni kifungue daftari lake la vikao na kuhesabu ni maazimio mangapi yana jina la mtu na tarehe. Mwenye maoni tofauti na ayalete katika toleo lijalo, na akiyaandika, atuambie ni nani anayesema.