Kitabu kisicho na neno hata moja



Siku moja rafiki yangu wa zamani wa unifu aliniazima kitabu kinachoitwa Là où vont nos pères. Nilikifungua mu basi nikitoka Kadutu, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimekimaliza. Dakika kumi na tano, pengine ishirini. Hakina neno hata moja ndani, ni michoro tu. Nikamurudishia kesho yake na kumwambia: "Ni kizuri, lakini kifupi." Akaniuliza swali moja: "Ile kazi ya kubandika matangazo, juu ya nini ilimushinda yule baba?" Nikakosa jibu. Akacheka: "Basi haukusoma. Ulipita tu."

Iliniuma kidogo. Mimi mwenye lisansi ya agronomia, niliyemaliza vitabu vya udongo vya kurasa mia tano, naambiwa sijui kusoma kitabu cha michoro! Nikakichukua tena. Na leo nataka niwaeleze nilichogundua, juu wengi wetu tuliiacha BD siku tulipomaliza shule ya msingi, tukifikiri ni mambo ya watoto.

Kwanza, kitabu chenyewe. Mwandishi ni Shaun Tan, wa Australia, na kilitoka mwaka 2006 kwa jina la The Arrival. Baba yake Tan mwenyewe alihamia Australia kutoka Malaysia. Tafsiri ya Kifaransa ilipata zawadi ya albamu bora kule Angoulême, Ufaransa, mwaka 2008. Lakini hapo tafsiri ni neno kubwa: walitafsiri jina la kitabu tu, ndani hakukuwa cha kutafsiri. Hadithi ni ya baba anayeacha mke na binti yake, anavuka bahari, anafika mu muji asioujua. Maandishi ya ule muji Tan aliyabuni mwenyewe, hakuna mutu duniani anayeweza kuyasoma. Na njo hapo jibu la swali la rafiki yangu: yule baba alibandika matangazo kichwa chini, miguu juu, kwa sababu hakuweza kusoma. Mchoro unaonyesha wazi kabisa. Mimi niliupita.

Ukifikiri vizuri, unaona kwa nini Tan aliondoa maneno. Kama kitabu kingekuwa na Kifaransa, mimi ningekuwa na faida juu ya yule baba: yeye anapotea, mimi ninaelewa. Bila maneno, tunapotea wote wawili. Anashangaa mbele ya chakula asichokijua, na mimi nashangaa. Ule ukimya unakuweka mu viatu vyake.

Sasa, tunasoma namna gani kitu kisicho na maneno? Mu BD, kazi kubwa haifanyiki ndani ya visanduku vya michoro, inafanyika mu nafasi nyeupe kati yao. Mmarekani Scott McCloud alilieleza hili vizuri mwaka 1993 mu kitabu chake, nacho kimechorwa kama BD. Chukua mfano wa kwetu. Kisanduku cha kwanza: kuku anatembea uani, na mama amesimama mulangoni na kisu. Kisanduku cha pili: sahani yenye mifupa. Nani alichinja kuku? Muchoraji hakuchora. Ni wewe musomaji uliyemuchinja, mu kichwa chako, kati ya kisanduku na kisanduku.

Kumbe musomaji ni nusu ya mwandishi. Na pale maneno yanapokosekana, hiyo nusu inakuwa nzito zaidi. Ukubwa wa mchoro unakuwa sauti: visanduku vidogo vidogo vinafuatana kama mapigo ya moyo, kisha ukurasa mzima unakunyamazisha. Tan anapotaka usikie urefu wa safari ya meli, anajaza kurasa mbili na visanduku vidogo vya mawingu. Mawingu tu. Mara ya kwanza nilivipita kwa sekunde mbili. Mara ya pili nilikaa hapo, kingu kimoja kimoja, na nikaanza kuzihesabu siku.

Hii mbinu si ya jana. Mubelgiji Frans Masereel alikuwa anachonga hadithi nzima mu mbao bila maneno tangu mwaka 1918. Mmarekani Lynd Ward akafuata mwaka 1929 na Gods' Man. Na sisi Wakongomani si wageni mu BD: Kinshasa ilikuwa na gazeti Jeunes pour jeunes tangu mwaka 1968, na Barly Baruti, mwana wa Kisangani, alichora Madame Livingstone, iliyotoka mwaka 2014, juu ya vita ya kwanza ya dunia ku ziwa Tanganyika, hapa kwetu mashariki. Ile meli ya Wajerumani inayotafutwa mu hadithi, Graf von Götzen, ni meli ya kweli. Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba.

Kuna zoezi moja nililolifanya. Chukua BD yenye maneno, ufunike viputo vya maneno na karatasi, kisha usome michoro peke yake. Nilianza na Tintin au Congo. Albamu ilitoka mwaka 1931, na Hergé aliichora upya mwaka 1946. Mu ile ya kwanza Tintin anawafundisha watoto wa Congo kwamba Ubelgiji ni nchi yao; mu ile ya 1946 somo likageuka kuwa hesabu. Maneno yalisafishwa. Lakini funika maneno, uangalie sura za watu wetu: midomo, macho, namna wanavyosimama mbele ya muzungu. Dharau ilibaki palepale. Maneno unaweza kuyabadilisha kwa kalamu nyekundu. Mchoro unaendelea kusema kile ulichokuwa unasema.

Sasa nifike ku jambo linalonihusu zaidi, na ambalo sijivunii.

Wakati wa staji yangu, shirika moja lilinipa kazi ya kutengeneza karatasi ya michoro kwa wakulima, juu ya ule ugonjwa wa kunyauka kwa migomba. Wengi wao hawakupata shule, basi tukasema: tusiandike, tuchore. Michoro sita, mustari wa juu mitatu, wa chini mitatu. Muti wenye majani ya njano, mukono unaovunja ua dume kwa kijiti chenye panda, juu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia lile ua, panga linalopitishwa mu moto ili kuua vijidudu, na kadhalika. Nilijivuna nayo. Nilisema: hii hata mutoto anaelewa.

Ku kijiji, mama mmoja aliishika karatasi, akaangalia muda murefu. Akaanza kusoma kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Ni nani alimwambia kwamba michoro inatoka kushoto kwenda kulia? Hiyo ni sheria ya kitabu, na kitabu yeye hakukipata. Hata Wajapani wenye vitabu wanasoma BD zao kutoka kulia. Kisha akafika ku ule mukono wangu, niliouchora peke yake, umeishia ku kiwiko. Akauliza polepole: "Huyu mutu, walimukata mukono?" Na jirani yake, akionyesha panga na moto: "Hii ni habari ya vita?"

Siku ile niliandika mu ripoti yangu kwamba "uelewa wa wakulima uko chini". Niliandika hivyo kweli. Ile sentensi inanisumbua hadi leo. Wale mama walikuwa wanafanya kazi ileile ambayo McCloud anaieleza: walijaza nafasi nyeupe na kile walichokiona mu maisha yao. Panga, moto, mukono uliokatika. Kwetu Kivu, hiyo hadithi inajiandika yenyewe. Aliyekosa kusoma ni mimi: sikuwasoma wao kabla ya kuchora.

Nilielewa hivyo nyumbani, pamoja na koko wangu. Hajui kusoma. Jioni moja alinikuta na kitabu cha Tan, akaketi pembeni yangu. Nikamwambia: "Koko, nisomee." Akacheka, kisha akachukua kitabu. Mimi nilikuwa nimetumia dakika kumi na tano kwa kitabu kizima. Yeye alikaa karibu dakika kumi ku ukurasa wa kwanza, ule wenye vitu vya nyumbani tu: ndege wa karatasi, saa, kofia, sufuria, sanduku. Akaweka kidole ku sufuria.

"Hii aliiacha."

"Umejuaje, koko?"

"Mutu mwenye iko nakimbia habebake sufuria. Mie niliibeba mu 1996. Nikaitupa mu njia, juu mama yako alichoka kutembea, nikapashwa kumubeba yeye."

Mama yangu alikuwa mutoto wakati ule. Hiyo habari sikuwa nimeisikia hata siku moja, na nimekaa na koko maisha yangu yote. Tulifika katikati ya kitabu usiku ule, na ile ingine kesho yake. Sikumuuliza maswali mengi. Nilikuwa nageuza kurasa tu, pale anaponipa ruhusa.

Basi, kwa wale wanaotaka kujaribu, shauri langu ni dogo. Soma mara tatu. Ya kwanza, pita haraka ujue hadithi. Ya pili, simama ku kila nafasi nyeupe ujiulize: hapa katikati nimeongeza nini mimi mwenyewe? Ya tatu, mupe mutu mwingine asome kwa sauti, hasa mutu asiye na diploma kama yako, na wewe unyamaze.

Na wenzangu wa agronomia, wa afya, wa maendeleo, mnaotengeneza mabango ya michoro kila mwaka: kabla ya kuchapisha nakala mia tano, pelekeni moja ku kijiji, muulize "Munaona nini?", kisha musikilize hadi mwisho. Karatasi yangu tuliichora upya. Mukono sasa una mwili, mwili una sura, ni mama aliyevaa kitenge, amesimama mu shamba lake, anatabasamu. Michoro inashuka kutoka juu kwenda chini, mustari mmoja. Yule mama wa kwanza aliiangalia, akasema: "Aa, sasa ni sisi."

Na wewe, ni mchoro gani uliouona ukiwa mutoto, na hadi leo haujakutoka mu kichwa? Tuambie.