Kuanzia Gando: Rekodi za Mchanga Uliogeuka Jiwe

Korongo lenye kina kuliko yote ya huku kwetu halionekani, maana limejaa maji. Ukitoka Gando, kaskazini-magharibi mwa Pemba, ukakipita kisiwa cha Fundo, unaingia Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinazidi mita 800. Zama za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilishuka mita kama 120. Unguja ikaungana na bara. Pemba ikabaki kisiwa.

Hata hivyo kinachonishangaza zaidi ni kichanga cha Pemba chenyewe. Chukua donge la udongo chini ya mikarafuu, ulifikiche kiganjani kwa maji. Wekundu unaondoka, zinabaki chembe ngumu zinazong'aa. Hizo ni kwatsi, na tumbawe halizai kwatsi. Zilimomonyoka kwenye miamba ya bara, mito ikazileta na kuzitandaza huku zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Leo hakuna mto unaoweza kuzivusha mkondo ule.

Kwa ukongwe, mchanga wa Pemba ni mtoto. Tabaka jeupe la Coconino, kwenye kuta za Grand Canyon huko Marekani, ni matuta ya jangwa ya miaka kama milioni 275 iliyopita. Karibu na Ziwa Nyasa, tabaka za Manda za miaka milioni 240 hivi zilihifadhi mifupa ya Nyasasaurus, aliyetangazwa mwaka 2012 kuwa huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana.

Kwa urefu hakuna wa kuipiku Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha huko mifupa ya miaka milioni 150, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandarini. Dinosaria mmoja wa huko anasimama Berlin, mita 13.27, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Aliyesimamia uchimbaji kwa ustadi mkubwa ni Boheti bin Amrani, na haki yake ilichelewa mno: mwaka 2007 tu ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Anayetaka kuziona tabaka kwa macho yake aende kwenye korongo la Marafa, karibu na Malindi, wenyewe wanapaita Nyari: nyekundu, nyeupe, waridi, na kila masika mvua inazila.