Fedha za hospitali: Nani hushika ufunguo wa kasha?

MGONJWA anayelipa ada katika hospitali ya umma huamini kwamba shilingi yake itanunua glavu na dawa za wodi ile ile alimotibiwa. Kwa miaka kadhaa baada ya 2013, katika kaunti nyingi nchini, imani hiyo haikuwa na msingi.

Chanzo chake ni Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010, kinachoagiza kwamba mapato yote ya kaunti yaingie katika hazina moja, na kwamba hakuna kinachotolewa humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Nia ilikuwa njema: kuziba mianya ya wizi. Lakini kwa hospitali, maana yake ilikuwa safari ndefu. Chukua mfano wa hospitali ya kaunti iliyoko magharibi mwa Nairobi. Makusanyo yake yangepelekwa katika akaunti ya kaunti iliyo Benki Kuu, barabara ya Haile Selassie. Ili yarudi, maombi yangepitia City Hall, kisha afisi ya Msimamizi wa Bajeti katika jumba la Bima, Harambee Avenue. Mgonjwa hangoji hayo yote. Hutumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara akajinunulie mwenyewe.

Ajabu ni kwamba hapo awali mambo hayakuwa hivyo. Ada zilipoanzishwa Desemba 1989, utaratibu uliofuatwa uliiachia hospitali asilimia 75 ya makusanyo, na asilimia 25 ikatengewa huduma za msingi wilayani. Mwaka wa 2004 serikali ilipunguza ada hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Ikawa nafuu kwa mgonjwa, lakini kituo kikapungukiwa. Ndipo mkoa wa Pwani ukafanyiwa majaribio, kuanzia 2005, ya kutuma fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati, zisimamiwe na kamati zenye wakazi ndani yake. Sehemu kubwa ya fedha hizo ililipa vibarua na nauli za wahudumu, matumizi ambayo mtu aliye mbali huyadharau, ilhali bila mfagizi na mlinzi zahanati hufungwa. Mpango huo ulienezwa nchini kuanzia 2010.

Kisha ukaja ugatuzi, na sehemu kubwa ya mazoea hayo ikavunjika.

Je, Katiba ndiyo ya kulaumiwa? La. Kifungu hicho hicho cha 207 kinaruhusu Bunge kutenga baadhi ya fedha nje ya hazina ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 iliziachia kaunti nafasi ya kutunga sheria zake za kuruhusu hospitali zibaki na mapato. Baadhi zilifanya hivyo. Nyingine zilikawia, na si vigumu kukisia sababu: makusanyo ya hospitali ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha ambavyo kaunti hujipatia yenyewe.

Tofauti hiyo huonekana wazi Nairobi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyo shirika la serikali tangu 1987, husimamia mapato yake kupitia bodi yake. Jirani yake Mbagathi ni ya kaunti.

Oktoba 2023, sheria mpya ya kufadhili uimarishaji wa vituo vya afya ilitiwa saini. Inavipa vituo vyote vya umma haki ya kubaki na mapato yao yote, na inataka fedha hizo ziwe nyongeza, wala si kisingizio cha kaunti kupunguza mgao wake. Vituo vidogo kama Riruta na Waithaka huongozwa na kamati. Hospitali kubwa zina bodi.

Hata hivyo, akaunti ya kituo haijazwi na sheria. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, sehemu kubwa ya mapato hayo hutegemea madai yanayolipwa na mamlaka hiyo. Malipo yakichelewa, kamati hubaki na ufunguo mkononi na kasha tupu.