Nguvu za tornado hujulikana baada ya nyumba kuanguka

TORNADO iliyopiga karibu na mji mdogo wa Enderlin, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, Juni 20, 2025, iliwaua watu watatu na kuangusha mabehewa ya treni ya mizigo kutoka kwenye reli. Wakaguzi wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo walipozuru eneo hilo, waliipa daraja la EF3 kwa kuanzia. Oktoba mwaka huo huo, idara hiyo iliipandisha hadi EF5, daraja la juu kabisa, ambalo halikuwa limetolewa nchini humo tangu Mei 2013.

Msomaji anaweza kujiuliza ni vipi upepo uongezewe nguvu zaidi ya miezi mitatu baada ya kutulia.

Jibu ni kwamba hakuna aliyeupima upepo wenyewe. Tornado hupita katika ukanda mwembamba, na ni nadra sana ipite palipo na kifaa cha kupimia upepo. Hata ikikipitia, mara nyingi hukivunja. Kinachopimwa, kwa hivyo, ni uharibifu iliouacha nyuma. Kasi inayotangazwa kwenye habari ni makisio yaliyotokana na kuta zilizobomoka, mapaa yaliyong'oka na miti iliyovunjika.

Ni vyema pia kutenganisha mambo mawili ambayo Waswahili wengi huyaita kwa jina moja la kimbunga. Tufani kama Idai, iliyoangamiza maelfu ya nyumba nchini Msumbiji mwaka wa 2019, au Hidaya, iliyofika pwani ya Tanzania Mei 2024, huzaliwa baharini, huenea mamia ya kilomita na hufuatiliwa kwa setilaiti siku kadhaa kabla ya kutua. Daraja lake hujulikana ingali majini. Tornado ni nguzo ya upepo unaozunguka, inayoshuka kutoka wingu la radi hadi ardhini, na nyingi hudumu dakika chache tu. Kinyamkera kinachozungusha vumbi uwanjani huenda kikafanana nayo kwa umbo, lakini hakitoki mawinguni na nguvu zake ni za kitoto.

Aliyebuni njia ya kuipima tornado kwa kutazama vifusi ni Tetsuya Fujita, mwanasayansi aliyezaliwa Japan mwaka wa 1920. Baada ya mabomu ya atomiki kurushwa Nagasaki na Hiroshima mnamo 1945, Fujita alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuchunguza miji hiyo, na huko alijifunza kusoma alama za moto na jinsi vitu vilivyoanguka ili kujua mlipuko ulitokea wapi. Alihamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1953. Mwaka wa 1971 alitoa kipimo chenye madaraja sita, kuanzia F0 hadi F5, kinacholinganisha kila kiwango cha uharibifu na kasi fulani ya upepo.

Kipimo hicho kilikubalika haraka, lakini kilikuwa na dosari. Kasi alizoziandika Fujita zilikuwa makisio yake mwenyewe, na wahandisi waligundua kuwa nyumba nyingi husambaratika kwa upepo mdogo kuliko alivyodhani. Kipimo pia hakikutofautisha vizuri jengo imara na kibanda dhaifu. Wataalamu waliokusanywa na Chuo Kikuu cha Texas Tech, kilichoko Lubbock, mji ambao wenyewe ulipigwa na tornado iliyoua watu 26 mwaka wa 1970, walikifanyia marekebisho. Kipimo kipya, kinachotambulishwa kwa herufi EF, kilianza kutumika Marekani Februari 1, 2007.

Chini ya utaratibu huu, EF0 huanzia kasi ya kilomita 105 kwa saa, EF3 huanzia takriban 218, na EF5 ni upepo wowote unaozidi kilomita 322 kwa saa. Kuna aina 28 za vitu vya kukaguliwa: nyumba za kuishi, shule, maghala, vituo vya mafuta, nguzo za umeme na hata miti. Kila aina ina ngazi zake za uharibifu, na kila ngazi ina kasi ya kawaida inayotarajiwa, pamoja na kiwango cha chini na cha juu.

Kazi yenyewe huanza mara tu njia zinapopitika, kwa kawaida siku inayofuata. Maafisa wa kituo cha hali ya hewa cha eneo hilo hupita kwa gari na kwa miguu, wakipiga picha na kuweka kila alama kwenye ramani kupitia simu au kompyuta ndogo ya mkononi. Droni na picha za setilaiti huwasaidia kuona mashamba yasiyofikika. Swali la kwanza huwa ni kama kweli ilikuwa tornado. Miti ikiwa imelala upande mmoja, huenda ni upepo wa kawaida wa dhoruba. Ikiwa imeangukiana kuelekea katikati ya njia, huo ni ushahidi wa upepo uliozunguka.

Halafu hufuata nyumba, na hapa ndipo penye utata mwingi. Nyumba iliyofagiliwa yote, ukabaki msingi wa saruji pekee, hukadiriwa kuwa ilipigwa na upepo wa takriban kilomita 322 kwa saa. Lakini kabla ya kuandika hivyo, mkaguzi huinama kwenye msingi huo kutafuta bolti. Je, ukuta ulifungwa kwa bolti zenye nati na washa, au ulipigiliwa misumari tu? Kama ni misumari, makisio hushuka hata kufikia kilomita 265, kwani nyumba ya namna hiyo huondoka mapema. Mkaguzi hutazama pia vitu vya jirani. Ikiwa vichaka vilivyo hatua chache kutoka hapo bado vina majani, kuna sababu ya kushuku kwamba nyumba ilikuwa dhaifu kuliko upepo ulivyokuwa mkali.

Mjini Vilonia, katika jimbo la Arkansas, suala hilo lilizua mjadala mkali baada ya tornado ya Aprili 27, 2014. Nyumba zilikuwa zimefagiliwa hadi msingi, lakini wakaguzi walikuta bolti zisizo na nati wala washa. Tornado hiyo ilibaki EF4. Kwa mkazi aliyesimama mahali palipokuwa na sebule yake, kuambiwa kwamba daraja halikupanda kwa sababu ya nati ni maneno magumu kuyameza.

Daraja la tornado nzima huamuliwa na pale ilipoharibu zaidi, hata kama ni nyumba moja katika safari ya kilomita nyingi. Kinyume chake, ikipita mahali pasipo na chochote cha kubomoa, haina pa kuacha ushahidi. Mfano unaotajwa sana ni wa El Reno, jimbo la Oklahoma, Mei 31, 2013. Tornado hiyo ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, na rada zilizobebwa kwa magari zilipima ndani yake upepo uliozidi kilomita 470 kwa saa. Iliwaua watu wanane, wakiwemo watafiti watatu waliokuwa wakiifuatilia. Kwa muda ilitangazwa kuwa EF5, lakini miezi michache baadaye ikateremshwa hadi EF3, kwa kuwa sehemu kubwa ilipita mashambani na vipimo vya rada havihesabiwi katika kutoa daraja. Uchunguzi wa rada uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba tornado nyingi huwa na nguvu kuliko daraja lake rasmi, kwa wastani wa zaidi ya daraja moja.

Pamoja na kasoro hizo, vifusi vina faida ambayo rada haina: huonyesha ni kiungo gani cha nyumba kilichoachia kwanza. Baada ya tornado ya EF5 iliyoua watu 24 mjini Moore, Oklahoma, Mei 20, 2013, wahandisi walipita nyumba kwa nyumba, wakaona milango ya gereji ikiingia ndani na paa zikichomoka kwenye kuta. Mwaka uliofuata mji huo ulipitisha kanuni zinazotaka nyumba mpya zihimili upepo wa takriban kilomita 217 kwa saa.

Kule Enderlin nako, nyumba hazikutosha kuthibitisha EF5, na behewa la treni halimo katika orodha ya vitu 28. Lakini uzito wa behewa unajulikana, na umbali lilioruka unaweza kupimwa kwa futi. Behewa moja tupu la tangi lilikutwa karibu mita 145 kutoka relini. Wahandisi wa upepo walikokotoa nguvu zinazohitajika kulipindua na kulirusha umbali huo, wakapata kasi inayozidi kilomita 338 kwa saa.