Ala za Wagogo katika Kitabu cha Watoto

Wagogo wanaishi katikati ya Tanzania, wengi wao mkoani Dodoma na wengine Manyoni mkoani Singida, na muziki wao ni miongoni mwa ulio tajiri zaidi nchini. Kwao mpigaji wa zeze mara nyingi ndiye aliyelichonga, na mtoto anayetaka kupiga huanza kwa kukaa karibu na fundi, kumshikia kibuyu, kumletea ngozi na kuangalia. Kitabu cha watoto kuhusu ala hizi kinapungukiwa kikiwa ni picha zenye majina chini yake. Kinachofaa ni kitabu kitakachomwezesha mtoto wa darasa la tatu au la nne kutengeneza kitu kinacholia, na kumweleza kwa nini wazee wake walikitengeneza hivyo.

Kitabu cha namna hiyo kinaanzia kwenye ardhi. Ugogo ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Watu hulima mtama na uwele, hufuga ng'ombe na mbuzi, na vifaa vya muziki hutoka humohumo: kibuyu ukingoni mwa shamba, ngozi zizini, mti porini. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo nafasi ya ngoma hupatikana. Mpangilio mzuri wa kurasa hufuata mwendo huo wa mwaka, kwa sababu kibuyu hakisubiri kitabu. Huachwa kwenye mtambaa hadi kikomae, kisha huanikwa mpaka mbegu zisikike zikigonga ndani. Kikitobolewa mapema hunywea na kuoza. Mtoto asipoambiwa hilo, kazi yake ya kwanza itaharibika na ataamini kwamba hana mkono wa ufundi.

Zeze ndilo linalostahili kurasa nyingi zaidi. Kibuyu hukatwa mdomo na kuwambwa ngozi, kisha hupitishwa mti mrefu unaobeba nyuzi, na upinde mdogo husuguliwa juu ya nyuzi hizo baada ya kupakwa utomvu ili uzishike. Pasipo utomvu upinde huteleza tu bila kutoa sauti. Nyuzi za zamani zilitokana na mimea na mishipa ya wanyama, na leo waya na nailoni ni vya kawaida. Kwa mtoto, kopo la bati linaweza kushika nafasi ya kibuyu na waya mwembamba ukawa uzi. Si aibu kitabu kuonyesha kopo. Fundi wa zamani naye alitumia kilichokuwa karibu naye, na kijiji cha leo kina makopo mengi kuliko vibuyu vikavu.

Hapohapo kwenye zeze kuna somo ambalo vitabu vingi vya muziki hulikosa. Uzi ukiguswa kwa wepesi katikati yake, sauti hupanda mara moja hadi kwenye mwenzake wa juu. Ukiguswa kwenye theluthi, robo au humusi, hutokea sauti nyingine zilizojificha ndani ya uzi uleule. Wataalamu wa muziki wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo, pamoja na uimbaji wao wa sauti nyingi kwa pamoja, imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Hii ndiyo sababu zeze likilinganishwa na piano huonekana limepotoka, ilhali limefuata uzi wenyewe. Mtoto mwenye uzi mmoja na kidole anaweza kulithibitisha hilo ndani ya dakika chache, na ukurasa unaomwelekeza kufanya hivyo una thamani zaidi kuliko aya nyingi za sifa.

Ilimba, yaani marimba ya mkononi, ni sanduku la mti lililotobolewa ndani na kupangwa vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vingine havibonyezwi kabisa. Hutetemeka vyenyewe vile vingine vinapolia, na hivyo sauti hupata upana. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na utando huo huongeza mvumo wa kukwaruza unaopendwa sana. Mvumo huo umekusudiwa, na kitabu kinapaswa kuusema waziwazi, la sivyo mwalimu mgeni atamwambia mtoto aubandue. Vijiti hupatikana kwa kuponda misumari juu ya jiwe hadi ilale bapa. Kazi ya nyundo na kisu ni ya mkubwa, na mchoro uonyeshe mkono wa mtu mzima mahali hapo.

Ngoma za muheme zina habari tofauti. Ni ndefu, hubanwa kati ya mapaja na hupigwa na wanawake, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kuona ngoma mikononi mwa wanaume. Tangu zamani zina uhusiano na unyago wa wasichana. Baadhi ya nyimbo na mafundisho ya unyago, na ya jando vilevile, hayasemwi mbele ya wasiopitia. Mwandishi hutangulia kuwauliza kina mama wenyewe nini kichorwe na nini kiachwe, kabla mchoraji hajashika penseli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Lakini ruhusa ya wazee huja kwanza.

Sura fupi kuhusu mwanamuziki wa Kigogo, Hukwe Zawose, inafaa. Alizaliwa kijijini Doduma, akalelewa katika muziki wa kwao, na Rais Julius Nyerere alipousikia upigaji wake alimwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Aliongeza nyuzi za zeze na vijiti vya ilimba kupita kawaida ya zamani, akapiga katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko, na alifariki mwaka 2003. Watoto wanapaswa kujua kwamba mtu aliyesifiwa duniani kote alianzia na kibuyu kama chao.

Kuhusu kitabu chenyewe, karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, hivyo kitabu cha kurasa 32 hakiachi karatasi ipotee na huweza kubanwa kwa pini mbili tu. Kila ala ikipewa kurasa mbili zinazotazamana, hatua zote huonekana bila kufunua, jambo linalomsaidia mtoto ambaye mikono yake imejaa. Michoro ya mistari ni bora kuliko picha za kamera kwa hatua za kazi, kwa kuwa huacha yasiyohitajika. Kabla ya kuchapwa, nakala ya majaribio hupelekwa shuleni na watoto huachwa watengeneze bila kusaidiwa. Wanapokwama, maelezo ndiyo hurekebishwa.

Lugha ya kitabu ni Kiswahili, inayotumika kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali, lakini majina ya ala, sehemu zake na miti inayotumika hubaki katika Kigogo pembeni mwa kila mchoro, kama fundi anavyoyatamka. Fundi huyo hutajwa kwenye ukurasa wa mbele pamoja na mwandishi na mchoraji, na hupewa malipo yake na nakala za kugawa nyumbani kwake.